Blue Bolt: Shujaa wa Radi Aliyezimwa na Wenye Mali

Mtaje Captain America mbele ya vijana wa leo, hata yule asiyejali filamu za mashujaa atakuambia habari za ngao ya duara. Mtaje Thor, watakutajia nyundo. Mtaje Black Panther, hapo ndiyo usiseme, maana mwaka 2018 watu walijazana kwenye kumbi za sinema kumtazama Lupita Nyong'o na wenzake wakiipigania Wakanda. Sasa mtaje Blue Bolt. Kimya. Wengine watadhani unaita usafiri.

Kumbe huyo Blue Bolt ndiye aliyewakutanisha kazini watu wawili waliomleta Captain America duniani, Joe Simon na Jack Kirby. Na huyo Kirby ndiye mkono uliowachora Thor na Black Panther katika miaka ya 1960. Yaani ukifuata mstari wa penseli kurudi nyuma, kutoka Wakanda hadi mwanzo wa ule ushirika maarufu, unamkuta jamaa mmoja mwenye suti ya bluu na umeme mwilini. Amekaa peke yake gizani, hakuna anayemkumbuka zaidi ya wazee wachache wanaokusanya majarida ya zamani.

Mashabiki wengi wa katuni wana jibu lao jepesi: kama alisahaulika, basi hakuwa na jipya. Jibu hilo si la haki. Blue Bolt hakusahaulika kwa sababu alikuwa dhaifu. Alisahaulika kwa sababu waliommiliki hawakujua walichokuwa nacho mkononi, wakamvua radi yake wakati ule ule ambapo ingemfaa zaidi. Na habari hii inamhusu kila anayechora, anayetunga au anayeimba leo na kumkabidhi mtu mwingine kazi yake.

Haya, twende mwanzo. Toleo la kwanza la Blue Bolt lilibeba tarehe ya Juni 1940, bei senti 10, mchapishaji Novelty Press. Shujaa wake ni Fred Parrish, nyota wa mpira wa Kimarekani katika chuo cha Harvard. Siku moja yupo mazoezini, radi inampiga. Hafi. Baadaye anapanda ndege, radi ya pili inaipiga ndege, inaanguka. Bado hafi! Anaokotwa na Dk. Bertoff, mwanasayansi mwenye maabara ya siri chini ya ardhi, anamtibu kwa madini ya radiamu, na ule umeme wote unabaki ndani ya mwili wake kama chaji ndani ya betri. Kuanzia hapo Fred ni Blue Bolt, na kazi yake ni kupambana na Green Sorceress, malkia mchawi mwenye ufalme wake huko huko chini.

Ukisoma leo utacheka. Radi mara mbili kwa mtu mmoja, halafu kila kitu kinaishia kwenye pango! Lakini mtazame kwa macho ya mtoto aliyelinunua jarida lile kwa senti zake 10. Katikati ya miaka ya 1930, shamba moja tu kati ya kumi huko Marekani ndilo lililokuwa na umeme. Ilibidi Rais Roosevelt aunde wakala maalumu mwaka 1935 wa kupeleka umeme vijijini, kwa sababu kampuni za biashara ziliona hakuna faida kumvutia waya mkulima. Mwaka 1940 ulipofika, kulikuwa na watoto wengi ambao bado walifanya kazi za shule kwa taa ya mafuta. Kwa mtoto huyo, umeme ulikuwa kitu cha kusubiriwa na familia nzima. Yeyote aliyewahi kuhesabu nguzo zikikaribia kijijini kwao anaelewa bila kufafanuliwa. Mtu anayebeba umeme mwilini, bila waya na bila bili? Huyo ni mfalme.

Sasa kuna ile radiamu, na hapo ndipo hadithi inapoacha kuchekesha. Miaka ya 1920, katika mji wa Orange, New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili ziwake gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Wakaanza kuugua, mifupa ya taya ikaoza, wengine wakafa. Waliobaki na nguvu waliishitaki kampuni, wakapata suluhu mwaka 1928. Miaka minne baadaye, 1932, tajiri mmoja aitwaye Eben Byers alifariki baada ya kunywa chupa kwa chupa za maji ya radiamu yaliyouzwa kama dawa ya kuongeza nguvu. Magazeti yaliandika. Watu wazima walijua.

Ndiyo maana inashangaza kwamba mwaka 1940 jarida la watoto linamtibu mtu kwa radiamu na kumtoa akiwa mzima kuliko alivyoingia. Kuna atakayesema ni uzembe, na ana hoja: mtoto hakuambiwa kwamba dawa hiyo iliua watu halisi. Lakini humo humo kwenye uzembe ndimo ilimofichwa hadithi nzuri kuliko zote. Fred Parrish ni mtu aliyetakiwa kufa mara tatu: radi ya kwanza, radi ya pili, kisha tiba yenyewe. Anatembea na kifo ndani ya mifupa yake na anakitumia kulinda wengine. Mtunzi mwenye nafasi angeuliza: inamgharimu nini? Analala vipi? Anaweza kumkumbatia mtoto bila kumdhuru? Hakuna aliyepewa muda wa kuuliza.

Muda haukuwepo kwa sababu biashara ya katuni wakati ule ilikwenda kama mkate wa asubuhi. Superman alikuwa ameshatokea mwaka 1938 na kuuza vibaya mno, na kila mwenye mashine ya kuchapa alitaka wake. Joe Simon alilifanya toleo la kwanza mwenyewe. Karibu na wakati huo alikutana na kijana mmoja mwenye kasi ya ajabu, Jacob Kurtzberg, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jack Kirby. Wote wawili walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, baba zao wakiishi kwa kazi za nguo, na wote walijua maana ya kodi ya nyumba kufika kabla ya mshahara. Kuanzia toleo la pili, Julai 1940, wakawa pamoja. Ushirika ulioanzia hapo ulidumu karibu miaka kumi na mitano na ukabadilisha sura ya katuni za Marekani.

Zitazame zile kurasa kama hujawahi, utaona kitu. Watu hawasimami, wanaruka. Ngumi inatoka upande mmoja wa ukurasa na adui anaangukia upande wa pili. Radi haichorwi kama pambo pembeni, ndiyo inayoongoza jicho. Kirby alikuwa bado kijana wa miaka 22, lakini kile alichokuja kusifiwa nacho miaka 25 baadaye kimeshaanza kuchungulia pale.

Wanaomponda Blue Bolt wana silaha yao: ati ni nakala ya Flash Gordon. Tuseme ukweli, hawajakosea sana. Flash Gordon alianza mwaka 1934, naye ni mwanamichezo wa chuo kikubwa, naye anafikishwa kwenye ulimwengu mwingine akiwa na mwanasayansi, naye anapambana na mtawala katili. Mchele ni mmoja. Lakini mapishi je? Flash Gordon alikuwa shujaa wa upanga na mikono yake. Blue Bolt nguvu ilikuwa ndani ya damu. Na kama kuazima ni kosa la kumfuta mtu, basi nusu ya mashujaa wanaojaza kumbi za sinema leo wangefutwa, maana hakuna aliyezaliwa bila baba.

Kosa lake halisi liko kwingine. Juni 1940, mwezi ule ule ulioandikwa kwenye jalada lake la kwanza, jeshi la Ujerumani liliingia Paris. Ulaya inaungua, familia za wasomaji zina ndugu kule, na shujaa mwenye radi mkononi yuko chini ya ardhi anagombana na mchawi wa kijani. Nguvu ipo, adui hajachaguliwa. Marekani yenyewe ilikuwa haijaingia vitani, ni kweli, na wachapishaji wengi waliogopa siasa. Lakini watunzi wake hawakuogopa.

Tazama tarehe. Toleo la 10 la Blue Bolt, la mwisho kufanywa na Simon na Kirby, ni la Machi 1941. Toleo la kwanza la Captain America nalo lina tarehe ya Machi 1941. Kwenye jalada lake, Captain America anampiga Hitler ngumi ya uso, miezi mingi kabla ya Marekani kutangaza vita. Liliuza karibu nakala milioni moja. Wapo Wamarekani waliokasirika na kutuma vitisho, hadi meya wa New York, Fiorello La Guardia, akawahakikishia watunzi ulinzi wa polisi. Maana yake ni kwamba moto ulikuwa kwa wale vijana wawili. Walipohama, walihama nao.

Blue Bolt akabaki kwa wengine. Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Vita vilipofika kweli, baada ya Desemba 1941, shujaa wa radi akapata sababu ya kuwa na radi. Kipi kilifanyika? Taratibu ulimwengu wa chini ya ardhi ukayeyuka, suti ikavuliwa, nguvu zikafifia, na Fred Parrish akaishia kuwa mwanamume wa kawaida anayepigana kwa njia za kawaida. Siku alizokuwa na umeme hakuwa na vita, na siku alizopata vita hakuwa na umeme.

Wapo wanaotetea uamuzi ule, na utetezi wao si wa kudharau. Wanasema askari halisi walikuwa wanakufa kila siku, na majarida haya yalisomwa sana na askari wenyewe wakiwa kambini. Shujaa anayeweza kumaliza vita kwa kunyoosha kidole angekuwa tusi kwao. Sawa kabisa. Lakini tatizo hilo walikuwa nalo wote, na wengine walilitafutia dawa. Mwaka 1942, katika katuni za magazetini, Clark Kent alikwenda kujiandikisha jeshini akafeli kipimo cha macho, kwa sababu macho yake ya ajabu yalipenya ukuta akasoma herufi za chumba cha pili. Superman akabaki na nguvu zake, na heshima ya askari ikabaki palepale. Ni ujanja mdogo, lakini ni ujanja wa mtu anayempenda mhusika wake. Blue Bolt hakupata mtu wa kumfikiria kiasi hicho hata kwa ukurasa mmoja.

Kirby mwenyewe aliitwa jeshini, akapelekwa Ufaransa mwaka 1944 kama askari wa miguu, na baridi ikamuumiza miguu vibaya hadi akalazwa hospitali. Mtu huyo hakuhitaji kuambiwa tofauti kati ya vita na katuni. Na bado aliporudi hakuacha kuchora watu wenye nguvu zinazowatisha hata wao wenyewe. Alijua kwamba msomaji aliyetoka kwenye matope anaweza kutaka radi pia.

Mwisho wa Blue Bolt ulikuwa wa kimya. Ndani ya jarida lake mwenyewe, mhusika mwingine, kijana wa chuo cha kijeshi aitwaye Dick Cole, alimpita umaarufu hadi akapewa jarida lake. Novelty Press ilikuwa mali ya kampuni ya Curtis, wachapishaji wa The Saturday Evening Post, jarida la heshima lililokuwa mezani kwa familia nyingi za Marekani. Mwaka 1949, wakati kelele za kuzilaumu katuni kwamba zinaharibu watoto zilikuwa zimepamba moto, biashara ile ikauzwa kwa mchapishaji mdogo, Star Publications. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jarida likageuzwa kuwa la hadithi za kutisha, likiitwa Blue Bolt Weird Tales of Terror. Jina lipo juu kwa herufi kubwa, ndani kuna mizimu na mifupa. Kibao kimebaki mlangoni, mwenye nyumba ameshahama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ilidumu miaka 28 na ilibidi ihuishwe, la sivyo kazi inakuwa mali ya umma. Hadithi za mwanzo za Blue Bolt zinahesabiwa leo kuwa za umma, na zinasomwa bure mtandaoni. Hapo tena usifurahi haraka, hebu linganisha na yule ndugu yake aliyefanikiwa. Captain America hakusahaulika, ameingiza fedha zisizohesabika, lakini Joe Simon alikwenda mahakamani juu ya haki zake na kufikia makubaliano mwaka 2003, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Warithi wa Kirby walimalizana na Marvel mwaka 2014, miaka 20 baada ya mzee kufariki.

Kwa hiyo watunzi wale wale walizaa watoto wawili. Mmoja akawa tajiri wakamgombania mahakamani. Wa pili akafa maskini, akawa wa kila mtu. Katika njia zote mbili, aliyekesha na penseli hakuwa ndiye aliyeamua. Kijana anayemuuzia mtu mhusika wake leo kwa malipo ya mara moja, bila karatasi au kwa karatasi ambayo hakuisoma, asidhani hii ni hadithi ya Wamarekani wa kale. Aulize mapema: mkimchoka, anarudi kwangu? Mkimgeuza kitu kingine, jina langu linabaki?

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ndilo linaloonyesha kwamba Blue Bolt angeweza kuishi. Mashujaa wa umeme si mkosi. Mwaka 1977 alikuja Black Lightning, mwalimu anayerudi mtaani kwao kulinda wanafunzi wake. Mwaka 1993 akaja Static, kijana wa sekondari, Virgil Hawkins, mwenye kejeli mdomoni na cheche mkononi. Wote wawili walifika hadi kwenye televisheni na mashabiki wao wapo hadi leo. Wana nini ambacho Blue Bolt hakuwa nacho? Mtaa. Wana watu wanaowajua kwa majina, wana mama, wana jirani mwenye shida. Umeme wao una nyumba ya kuwasha. Fred Parrish alipewa nguvu kubwa akafungiwa pangoni, halafu alipotolewa nje akanyang'anywa hiyo nguvu.

Ndiyo maana wanaosema aachwe alale wanakosea. Hahitaji filamu ya kelele yenye majengo yanayoanguka kwa saa mbili. Anahitaji mchoraji mmoja mwenye subira, awe New York au Tandale au Eastleigh, akae chini na zile kurasa 10 za kila toleo au zaidi, aangalie ni sehemu zipi hasa ziko huru na sheria ya kwao inasemaje, halafu aanze pale ambapo Simon na Kirby waliachia: mtu aliyenusurika mara tatu, mwenye radi ndani ya mifupa, asiyejua amshike nani bila kumuunguza.

Radi anayo tangu 1940. Kilichobaki ni mtaa. Wadau, mngempeleka mtaa gani?